Kura na Mfereji wa Maji: Haki na Hisani katika Kata za Mumbai

Iko lawama moja ambayo husikika katika jiji la Mumbai kila unapokaribia uchaguzi wa baraza la jiji, nayo ni kwamba maskini huuza kura yake. Walalamikaji husema kwamba mkazi wa mtaa wa mabanda hapimi tabia ya mgombea, wala hajali sera, wala haulizi habari ya mambo makubwa ya nchi; huuliza neno moja tu, maji yatafika lini uchochoroni petu, na akiahidiwa bomba hutoa kura yake na kura za nyumba nzima. Lawama hii hutamkwa na watu wenye heshima zao, na aghalabu hutamkwa kwa huzuni ya kweli, maana wasemaji hudhani kwamba wanautetea utawala wa watu dhidi ya tumbo. Walakini lawama nzito kama hii haifai kupokewa kabla ya kupimwa. Kuuza ni kutoa kilicho chako upate kilicho cha mwenzio. Basi swali la kwanza ni hili: maji yale yaliyoahidiwa yalikuwa mali ya nani?

Mumbai ni jiji linywalo maji ya mbali. Visima vyake vya zamani havikuweza kuwatosha watu waliofurika humo kufuata pamba, bandari na viwanda. Kwa hiyo ziwa la Vihar lilianza kulipa jiji maji mwaka 1860, la Tulsi likafuata mwaka 1879, na la Tansa mwaka 1892. Siku hizi maziwa ni saba, na mengi yake yako mbali sana na kata ambazo maji yake hunywewa. Maji hayo hayatoki kutwa kucha. Wafanyakazi wa manispaa hupita na funguo zao wakifungua vali hii na kufunga ile, mtaa huu ukapata saa zake na mtaa ule ukangoja zake, na wako watu ambao zamu yao huangukia usiku. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12 katika jiji, na katika kila watu 100, zaidi ya 40 walikuwa wakiishi katika mitaa ya mabanda. Mahali ambapo maji hupimwa kwa saa, mtu ajuaye vali ifunguliwe lini na ifungwe lini ana ufalme wake mdogo, na si ajabu watu wakiuliza habari za ufalme huo kabla ya kuuliza habari za Delhi.

Kura yenyewe ilikuja polepole. Sheria ya manispaa ya mwaka 1888, ambayo Pherozeshah Mehta alishiriki sana katika kuitengeneza, ililipa jiji baraza lenye wajumbe wa kuchaguliwa, lakini mlango wa kupigia kura ulikuwa wa walipa kodi. Mwaka 1922 walikaribishwa pia wapangaji ambao pango lao lilifikia kiasi fulani. Ilipofika mwaka 1948, baada ya uhuru, ndipo kila mtu mzima alipoweza kulichagua baraza. Fikra ya kwanza ilikuwa nyepesi kueleweka: mji ni kama kampuni, na mwenye hisa ndiye mwenye sauti. Fikra iliyofuata ni ngumu zaidi, nayo ni kwamba mtu ana sauti katika mji kwa sababu anaishi humo, anafanya kazi humo, na akifa humo atachomwa au atazikwa humo. Mtu anayewabeza wakazi wa mabanda kwa kuwa wanapiga kura bila kulipa kodi amerudi, yamkini bila kujua, katika mwaka 1921. Tena hesabu yake si sahihi. Kwa miaka mingi pato kubwa kuliko yote la manispaa ya Mumbai lilitokana na ushuru wa bidhaa zilizoingia mjini, mpaka ushuru huo ulipofutwa tarehe 1 Julai 2017. Fedha ile ilijificha katika bei za madukani, na mama aliyenunua ndoo ya kutekea maji alikuwa amekwisha kuichangia manispaa kabla ndoo haijaona maji.

Mjumbe wa kata katika jiji hilo huitwa nagarsevak, yaani mtumishi wa mji. Jina hilo ni la unyenyekevu kuliko la Kiswahili. Maana diwani, kabla ya kuwa mjumbe wa kata, alikuwa mtawala katika baadhi ya miji ya pwani, na katika India yenyewe diwan alikuwa waziri wa mfalme. Lakini mtumishi huyu ana mikono mifupi. Katika mpango uliorithiwa kutoka sheria ya 1888, nguvu ya utekelezaji iko kwa kamishna wa manispaa, ambaye huteuliwa na serikali ya jimbo wala hachaguliwi na watu wa mji. Meya ni mtu wa heshima zaidi kuliko wa amri. Marekebisho ya 74 ya Katiba ya India, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 1993, yaliorodhesha kazi 18 ambazo mabaraza ya miji yangeweza kukabidhiwa, maji yakiwa miongoni mwake, lakini kukabidhi kwenyewe kuliachwa katika hiari ya majimbo. Basi diwani aliyechaguliwa na maelfu ya watu hana amri juu ya mhandisi wa maji. Aweza kumwandikia barua, kumpigia simu, kumgombeza mbele ya watu na kumbembeleza faraghani. Watu wa kata humwona akifanya hayo, kisha maji yakatoka, nao husema kwamba fulani ametuletea maji. Kwa kweli hakuleta, aliomba. Mtu aliyepaswa kuagiza amegeuka mwombaji, na kwa kuwa ombi lake limekubaliwa, huwakabidhi watu jibu la ombi kana kwamba ni zawadi iliyotoka mfukoni mwake.

Sasa na atazamwe mlalamikaji. Yeye hukaa katika jengo lenye tangi juu ya paa na pampu chini. Maji ya manispaa huja kwake kwa zamu vile vile, lakini tangi huificha zamu hiyo. Akifungua mfereji saa yoyote maji hutoka, kwa hiyo huona kwamba maji ni jambo la maumbile, kama mwanga wa jua, wala hayana uhusiano na siasa. Siku ya uchaguzi, kama atakwenda kupiga kura, yuko huru kufikiri juu ya uaminifu na rushwa na sura ya mji. Uhuru huo ni mzuri, lakini haukutokana na usafi wa moyo wake. Umetokana na tangi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwaka 2007 wakazi wa kata ya 63, upande wa Juhu, walifanya jambo la kusifiwa: walishauriana, wakamsimamisha mgombea wao asiye wa chama, Adolf D'Souza, naye akashinda. Wengi waliona hapo pambazuko la siasa safi, na pengine hawakukosea. Lakini hata kata yenye nafasi haipigi kura kwa wazo tupu. Hutaka njia za miguu zisizibwe, taka zizolewe, mitaro isifurike wakati wa monsuni, bustani zisinyakuliwe. Tofauti ni ya majina tu. Mwenye nyumba halali akidai njia ya miguu huitwa raia mwema. Mwenye kibanda akidai mfereji huitwa muuza kura.

Liko fumbo jingine, nalo ni fumbo la tarehe. Serikali ya jimbo la Maharashtra ilipanga kwamba mwenye kibanda atambuliwe ikiwa kibanda kilikuwapo tarehe 1 Januari 1995. Baadaye tarehe ikasogezwa hadi 1 Januari 2000. Aliyekuja nyuma ya tarehe hakustahili bomba la manispaa. Daftari la wapiga kura, kwa upande wake, halina tarehe ya namna hiyo: humwuliza mtu umri wake, uraia wake, na mahali anapokaa. Hivyo akazaliwa kiumbe ambaye vitabu vya falsafa ya siasa havikumtazamia, mtu ambaye dola humwona siku ya kura na haimwoni siku zote zilizobaki. Jina lake limo katika daftari la kura, wala halimo katika kitabu cha maji. Mgombea hufika mlangoni pake na mikono iliyokunjwa kwa salamu, mhandisi hapajui. Aristotle alifundisha kwamba raia ni yule mwenye sehemu katika kutawala na katika kutawaliwa. Hakufikiri kwamba angetokea raia mwenye sehemu katika kutawala, ambaye jioni hununua maji kwa dumu kutoka kwa wachuuzi, kwa bei iliyo mara kadha ya ile anayotozwa mwenye tangi.

Tarehe 15 Desemba 2014, Mahakama Kuu ya Bombay iliamua shauri lililoletwa na watetezi wa haki ya maji. Majaji walisema kwamba haki ya maji imo ndani ya haki ya kuishi iliyotajwa katika kifungu cha 21 cha Katiba, na kwamba manispaa haiwezi kumnyima mtu maji kwa hoja tu kwamba kibanda chake kimejengwa kinyume cha sheria. Hawakusema kwamba wote wapewe sawasawa. Waliruhusu hata bei kubwa zaidi kwa wakaao pasipo idhini. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutamkwa: kiu haina tarehe ya mwisho.

Mahakama hiyo, ambayo bado huitwa ya Bombay ijapokuwa jiji lilibadilishwa jina mwaka 1995, ilikuwa imekutana na habari ya maji na manispaa zamani. Kusini mwa Mumbai uko mji mdogo uitwao Mahad. Mwaka 1924 manispaa ya mji huo ilipitisha azimio kwamba ziwa la Chavdar, ziwa la kuchimbwa lililo katikati ya mji, liwe wazi kwa watu wote, pamoja na wale walioitwa wasioguswa. Azimio lilikuwa zuri, lakini likabaki katika karatasi. Wenyeji wa tabaka za juu hawakukubali. Tarehe 20 Machi 1927 B. R. Ambedkar aliwaongoza maelfu ya watu mpaka ukingoni mwa ziwa, akainama akateka, akanywa, nao wakanywa baada yake. Walipigwa siku ile ile. Ziwa likafanyiwa ibada ya kutakaswa, kana kwamba limetiwa najisi na midomo ya watu, na kabla mwaka haujaisha manispaa ililifuta azimio lake. Shauri likazunguka mahakamani mpaka mwaka 1937, Mahakama Kuu ya Bombay ilipowapa haki walionyimwa.

Habari hii yastahili kufikiriwa taratibu, kwa sababu ndani yake limo jambo ambalo walalamikaji wa Mumbai hawaligusi. Katika desturi ya zamani, mtu aliyehesabiwa kuwa haguswi hakuachwa afe kwa kiu daima. Alikaa kando ya kisima akingoja, na mtu wa tabaka la juu, akiona huruma, alimmiminia maji katika chombo chake kutoka juu. Maji yalikuwa yale yale. Kiu iliyokatwa ilikuwa ile ile. Mwenye kuhesabu vikombe hataona tofauti yoyote kati ya maji ya kumiminiwa na maji ya kujitekea. Kwa nini basi watu waliacha kumiminiwa wakaenda kupigwa kwa ajili ya kuteka? Kwa sababu anayemiminiwa hunywa mapenzi ya mwenziwe pamoja na maji, na mapenzi hayo yakikauka kesho, hana pa kushitaki. Hisani ina uzuri wake baina ya ndugu na majirani. Dunia isiyo na hisani ingekuwa kavu. Lakini hisani ikikaa mahali pa haki hupoteza uzuri wake, ikawa kamba. Mpokeaji hujifunza kushukuru kwa kilicho chake, na mtoaji hujifunza kusahau kwamba hakuwa na chake cha kutoa.

Ambedkar mwenyewe, akizungumza katika Bunge la Katiba tarehe 25 Novemba 1949, alionya kwamba nchi yake ilikuwa inaingia katika maisha ya mgongano, usawa katika siasa na kutolingana katika maisha ya jamii na ya uchumi. Kata ya Mumbai ni mahali ambapo mgongano huo waweza kuonekana kwa macho: kura moja kwa kila mtu juu ya meza, na mabomba yenye nguvu mbalimbali chini ya ardhi.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza liko wazi. Maji hayakuwa mali ya diwani, na aliyepiga kura kwa ajili yake hakuuza kitu. Alitumia ufunguo pekee aliokuwa nao kufungua kilicho chake. Mkono mtupu haulambwi, na maskini wa Mumbai anajua kwamba mkono wake una kitu kimoja tu ambacho mgombea atakilamba. Kumtaka aitumie kura yake kwa mambo ya juu wakati ndoo ni tupu ni kumtaka awe mtakatifu, na jirani yake mwenye tangi hakutakiwa kuwa hivyo.

Hata hivyo limebaki shitaka moja ambalo ni la kweli, nalo halimwelekei diwani peke yake. Katika jiji lenye maji ya zamu, bomba jipya halileti maji mapya. Nguvu ya maji ikiongezwa katika uchochoro huu, yawezekana ikapungua katika uchochoro ule ulio mwisho wa mstari. Wakazi waliompa diwani kura zote wakapata saa moja zaidi, huenda saa ile ilitolewa kwa watu wa upande wa pili wa reli waliompigia mpinzani wake, au waliokuja mjini nyuma ya tarehe, au ambao dini yao si ya wengi katika kata. Hapo ndipo kura yaweza kuwa chafu. Si uchafu wa kuomba maji. Ni uchafu wa kujua kiu ya mwingine ndiyo bei, na kukubali. Mama aliyekesha akingoja zamu hana wakati wa kuuliza saa hiyo ya ziada imetoka kwa nani, na hakuna mtu mwenye haki ya kumkaripia kwa kutouliza. Lakini swali lipo, na wanaokaa katika baraza, wenye ramani za mabomba mbele yao, hawawezi kudai kwamba hawakuwa na wakati. Diwani akiahidi mfereji katika kata yake bila kudai baraza liweke kanuni ya mfereji katika kila kata, amefanya wema wa mlango mmoja, na majirani wa mlango huo wana haki ya kumwogopa.

Viti vya wanawake vimeligusa jambo hili zaidi kuliko hotuba nyingi. Marekebisho ya Katiba yalitenga theluthi moja ya viti, na Maharashtra ikaongeza vikawa nusu. Uchaguzi wa Mumbai wa mwaka 2012 ulifanyika kwa kanuni hiyo. Katika vijiji vya West Bengal na Rajasthan, uchunguzi wa Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba mahali ambapo uongozi wa halmashauri ulitengewa mwanamke, fedha nyingi zaidi zilikwenda katika maji ya kunywa. Kijiji si jiji, lakini kichwa kibebacho ndoo ni kimoja.

Kisha likatokea jambo lililoonekana kama mtihani. Muda wa baraza lililochaguliwa mwaka 2017 ulikwisha Machi 2022, na kwa sababu ya mashauri na mabishano juu ya viti vya kutengwa na idadi ya kata, jiji lilikaa bila diwani hata mmoja mpaka uchaguzi wa kata 227 ulipofanyika Januari 2026. Kamishna alishika kazi za baraza zote. Vali zilifunguliwa na kufungwa kama zamani. Tena mwezi Mei mwaka 2022, baraza likiwa halipo, manispaa ilitangaza sera ya maji kwa wote, iliyokusudiwa kuwafikia hata wale wasio na vibali. Mtu aweza kusema: tazama, haki ilikuja madalali walipoondoka. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupitwa kwa haraka. Lakini sera ni neno, kama azimio la Mahad lilivyokuwa neno. Siku maji yasipofika licha ya sera, mwenye elimu huandika barua kwa Kiingereza akaambatisha nakala za hukumu, na mwenye jamaa ofisini humpigia jamaa yake simu. Asiye na hivi wala vile alikuwa na diwani, mtu ambaye aliweza kumsimamisha njiani akamfokea mbele ya watu, na ambaye alilazimika kusikiliza kwa sababu baada ya miaka mitano angerudi kuomba. Kamishna harudi kuomba. Dalali ni ugonjwa wa mji wa namna hii, na kumwondoa dalali bila kuwapa watu mlango mwingine ni kumwacha mgonjwa na ugonjwa wake.

Katika mitaa mingi ya Mumbai, penye choo cha umma au benchi au lango la uchochoro, huwapo kibao chenye jina la diwani, chama chake, na maneno ya kueleza kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa fedha za mfuko wake wa kata. Mfuko huo hutoka katika hazina ya manispaa, na hazina ya manispaa hutoka kwa watu. Zamu ya maji ifikapo, wanawake hupanga ndoo na madumu yao kwa mstari mbele ya kibao, wengine wakikitundikia kanga zao za kujifutia. Wengi wao hawakisomi. Anayekisoma kwa makini, herufi baada ya herufi, ni mgombea wa chama kingine apitaye hapo akipima ukubwa wa kitakachowekwa mahali pake.